Maji ya Hamira

Nilipohamishiwa Isiolo kufundisha shule ya msingi, nilipanga chumba mtaa wa Kiwanjani, kwenye ua wa mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe. Walimu niliowakuta walinionya mapema: usilaze nguo kwenye kamba, usiazime mtu taa yako, na usichunguze mambo ya nyumba ya watu. Hayo mawili ya kwanza niliyashika. La tatu lilinishinda.

Ilikuwa miaka ya sabini inaelekea mwisho. Mimi ni mwanamke wa Kimeru, Mkristo, na nilikuwa nimezoea migomba na ukungu. Isiolo ilinipokea kwa vumbi na upepo uliotoka uwanja wa ndege ukapita moja kwa moja hadi ndani ya chai yangu. Ua wetu ulikuwa na vyumba vinne. Viwili vya mbele vilikuwa vya mwenye nyumba na mkewe, Waborana waliohamia mjini kutoka upande wa Merti. Cha tatu kilikuwa stoo ya ngozi na kamba. Cha nne kilikuwa changu. Mwenye nyumba nilimwita Mzee, mkewe nikamwita Mama. Wao waliniita Mwalimu. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa, wametawanyika.

Mama alikuwa amekaribia miaka hamsini, lakini ukimtazama usoni ungeongeza kumi. Ujana wake wote aliupitisha juani akifuata ng'ombe, na jua lilikuwa limemlipa kwa makunyanzi yaliyoshuka kutoka machoni hadi pembe za mdomo. Kila asubuhi alipika anjera, ile mikate laini yenye matundu, akazipeleka hotelini karibu na msikiti. Unga aliuchanganya jioni na hamira, akaufunika, na alfajiri ulikuwa umeumuka hadi ukingoni mwa beseni. Nami nilinunua mbili kila siku kabla ya kwenda shule. Hivyo ndivyo nilivyopata nafasi ya kumtazama uso kila siku ya Mungu, na ndivyo nilivyogundua kuwa uso ule unabadilika.

Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Halafu, muhula ulipofika katikati, nikawa na hakika. Makunyanzi ya chini ya macho yalikuwa yamelegea. Mashavu, yaliyokuwa makavu kama ngozi za stoo, yalikuwa na unyevu fulani, kama mtu aliyetoka kunawa. Nilimuuliza kama amepumzika vizuri. Akanijibu, "Alhamdulillahi," akageuza anjera.

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo halikunifurahisha. Wakati ule sabuni za zebaki na krimu za kujichubua zilikuwa zimefika mpaka kwetu. Ziliuzwa chini ya meza, zimefungwa kwa gazeti. Mwalimu mwenzangu mmoja, msichana mzuri ajabu, alizitumia mpaka mashavu yake yakawa na mabaka mekundu, na kila akitoka juani alilia kwa maumivu. Sisi tulijua dalili: uso unang'aa, lakini vifundo vya vidole na masikio vinabaki vyeusi, kwa sababu hakuna anayekumbuka kujipaka huko. Kwa hiyo nikaanza kuvikagua vifundo vya Mama. Anapomimina unga kwenye chuma cha kupikia, mimi naangalia vidole. Anapojifunga leso, mimi naangalia masikio. Rangi ilikuwa ileile, mwili mzima. Hakuwa amejichubua. Basi ni nini?

Siku moja mwenye duka la kona, niliyekwenda kununua sukari kwake, aliegemea mbao za duka akaniuliza, "Mwalimu, huko kwenu siku hizi mnaokea jeshi mikate?"

"Kwa nini?"

"Mama anachukua hamira mara mbili ya zamani. Lakini unga ni uleule." Akashusha sauti. "Mimi siulizi kitu. Nasema tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na sukari mkononi na jambo jingine kichwani. Hamira nyingi, unga uleule. Nilikulia milimani ambako wajomba zangu walitengeneza pombe, na harufu ya kitu kinachochacha naifahamu hata nikiwa usingizini. Sasa nilipopita mbele ya vyumba vya Mama nikaisikia. Haikuwa ile ya beseni la anjera, ambayo ni tamu kidogo. Hii ilikuwa nzito, chungu, inatoka chumba cha kulala. Na Mama, ambaye zamani aliacha mlango wazi kutwa nzima, sasa aliufunga kila aliponisikia nikikohoa uani.

Nikaamini kwamba anapika busaa, ile pombe ya nafaka. Nilishangaa, maana alikuwa mwanamke wa kuswali swala tano, lakini niliona jinsi inavyowezekana. Mume hayupo, wanajeshi wa kambini wako karibu na wana kiu, na mtu mwenye heshima kama yeye hakuna atakayemshuku. Na ule uso? Nikajiambia labda ni mafuta mazuri anayonunua kwa faida ya pombe. Kila kitu kiliingia mahali pake. Kwa siku kadhaa nilikula anjera zake huku namwonea huruma na kumdharau kwa pamoja.

Mzee wakati huo alikuwa Biliqo, kijiji cha wafugaji huko upande wa Merti. Kwa kawaida safari zake za kununua ng'ombe zilichukua wiki, akarudi akiwa amekonda, anasimulia habari za visima na bei. Mwaka ule safari zilirefuka. Biliqo, halafu tena Biliqo. Niliwahi kumsikia mwanamke mmoja aliyekuja kununua anjera akimwambia Mama kwa Kiborana jambo fulani, na katika maneno yote nilishika hilo jina la Biliqo tu. Mama alicheka. Kicheko chenyewe hakikumfika machoni.

Kisha Mzee akarudi bila kutarajiwa, Jumamosi mchana, mimi nikisahihisha madaftari kivulini. Alinisalimia vizuri, "Salaam aleikum, Mwalimu," akaingia ndani. Mama alikuwa jikoni, upande wa pili wa ua. Haikupita muda nikasikia vyombo vinasukumwa. Mzee akatoka ameshika sufuria yenye kifuniko cha kitambaa. Povu la kahawia lilikuwa limefura juu likachirizika hadi kwenye kikoi chake.

Nikamgeukia Mama. Yeye alikuwa ameinamia chuma chake, hakuinua kichwa.

Mzee hakumwendea mkewe. Alikuja kwangu.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno, "nilikupa chumba kwa sababu wewe ni mtu wa vitabu. Nikasema, Mkristo si kitu, kila mtu na Mungu wake. Lakini pombe? Chini ya kitanda changu?"

"Mzee, hiyo si yangu."

"Ya nani? Ya huyu anayeswali?"

Nikamtazama tena Mama. Alikuwa amenisikia, hilo nina hakika nalo, kwa maana mkono uliokuwa unageuza anjera ulisimama. Halafu ukaendelea. Mpaka leo sijausahau ule mkono ulivyoendelea. Mwalimu wa kike, mgeni, anayeshikwa na pombe haramu. Askari wa chifu wasingeuliza mara mbili, na mwalimu mkuu angenifukuza kabla hata hawajafika.

Mzee alikwenda kuwaita wazee wawili wa mtaa washuhudie, kwa sababu hakutaka isemwe kwamba alimfukuza mpangaji bila sababu. Wakaja na fimbo zao, wakakaa kwenye viti vya kamba, sufuria ikawekwa chini katikati yao kama mtuhumiwa. Mimi niliingia chumbani nikaanza kukunja blanketi. Sikuwa na hoja. Ningesema nini, kwamba mimi pia nilidhani ni pombe, ila ya mtu mwingine?

Nilikuwa nimefika kwenye kufunga sanduku niliposikia Mama akisema, "Hiyo sufuria ni yangu."

Nikatoka. Alikuwa amesimama mbele ya wazee, mikono ina unga hadi viwikoni.

"Yako ya nini?" Mzee akauliza.

"Ya uso."

Hakuna aliyeelewa. Akachuchumaa, akatumbukiza mkono wa kulia ndani ya yale maji, akaupitisha shavuni taratibu kama mtu anayetawadha, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Povu likamshuka kidevuni. Mzee mmoja akainama akanusa sufuria, akachovya kidole, akaonja.

"Hii si pombe," akatamka. "Haijafika. Na nafaka haina."

Mwenzake akamgeukia. "Wewe umejuaje?"

Yule mzee akafuta kidole kwenye kikoi chake. Kama si hofu niliyokuwa nayo ningecheka. Lakini Mzee wetu hakucheka. Alikuwa anamtazama mkewe, na niliona anauona ule uso kwa mara ya kwanza tangu arudi, ulivyotulia, ulivyorudi nyuma miaka. Nikadhani atafurahi. Badala yake uso wake yeye ndio uliojikunja.

"Unajipamba kwa ajili ya nani?" akauliza. "Mimi niko porini na ng'ombe, wewe huku unasugua uso umefunga mlango. Kwa ajili ya nani?"

Mama akasimama, akajifuta kidevu kwa ncha ya leso.

"Hilo swali ndilo nililotaka kukuuliza mimi," alisema. "Biliqo kuna ng'ombe gani hao wasiokwisha?"

Wazee wakaanza kutazama fimbo zao. Upepo ulikuwa unapiga mabati. Hatimaye yule aliyeonja alijikohoza akasema, "Mwalimu, rudisha blanketi lako kitandani. Hapa hakuna kesi yako." Wakaondoka upesi kuliko walivyokuja.

Mzee na Mama walizungumza ndani kwa Kiborana hadi adhuhuri ikapita na alasiri ikaingia. Kilichosemwa sikukielewa, na safari hii sikujaribu kusikiliza. Nilichokuja kuambiwa baadaye na Mama mwenyewe ni kwamba ndiyo, palikuwa na msichana Biliqo, na Mzee alikuwa ameshatuma watu kwao kuzungumza posa.

Nilimkabili Mama Jumatatu, nilipokwenda kuchukua anjera. Nilikuwa nimezihifadhi hasira zangu siku nzima ya Jumapili, hata kanisani.

"Ungeniacha nifukuzwe?"

Alifikiri. Alikuwa mtu asiyependa kusema uongo, ila alijua sana kunyamaza. "Nilitaka kukuacha mpaka jioni," akanijibu. "Halafu ningesema."

"Kwa nini mpaka jioni?"

"Nilikuwa naona aibu, Mwalimu. Mwanamke mzee kutaka uso."

Hiyo ndiyo radhi pekee niliyoipata kwake. Lakini akanivuta karibu na moto, akaniwekea mikono yake miwili mbele yangu, viganja chini. "Tazama." Nikatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa mkono wa umri wake, mkavu, wenye mistari mingi na madoa ya jua. Wa kulia ulikuwa kama wa mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa amechanganya unga wa anjera kwa mkono huo tangu alipohamia mjini, huku wa kushoto umeshika beseni. Siku aliyosikia habari za Biliqo alirudi nyumbani akakaa, akaitazama mikono yake, akawaza: kama unga wenye hamira umefanya hivi kwa mkono, utafanya nini kwa uso?

Alianza kwa kupaka hamira mbichi iliyoloweshwa, ikamwasha na kumtoa vipele. Ndipo akaanza kuiacha ichache kwa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, halafu anaichemsha mpaka povu lote life, anaichuja kwa kitambaa, na yale maji yenye ukungu anajipaka kila jioni. Sufuria aliyoikuta Mzee ilikuwa bado haijachemshwa.

Nilimwamini kuhusu maelezo yake yote. Kuhusu hamira yenyewe sikumwamini hata kidogo. Mkono wa kulia, niliwaza, ulipata pia mafuta ya kupakia chuma, na mvuke, na njiani ulikaa ndani ya leso wakati wa kushoto umebeba beseni juani. Na ule uso? Tangu aanze mambo yake alikuwa anapeleka anjera hotelini akiwa amejifunika hadi puani, asije akaulizwa. Alikuwa anapaka samli juu ya yale maji ili yasimkaushe. Pengine kivuli na samli ndivyo vilivyofanya kazi, na hamira ikapata sifa. Mimi mwenyewe nilijaribu, nikampa moyo kwa maneno lakini kwa siri nikajipaka shavu moja tu nione tofauti. Niliwashwa juma zima. Mashavu yangu yalibaki mapacha.

Miaka michache baadaye nilipelekwa kwenye kozi ya walimu, na huko palikuwa na mhadhiri wa biolojia, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimsimulia kisa cha mwanamke na hamira bila kusema ni nani. Nilitegemea angecheka. Hakucheka.

"Unajua chuma kinavyoshika kutu?" akaniuliza. "Hewa na maji vinakila. Sasa mwilini mwetu kuna kitu kinachofanana na hicho. Jua likipiga ngozi, ndani ya seli kunazaliwa vitu vikali vinavyotafuna kila kilicho karibu. Seli inachoka, ngozi inakunjamana. Hamira nayo ni kiumbe hai, ni seli. Inaishi kwenye hewa hiyohiyo, kwa hiyo ina vitu vyake vya kujikinga na kutu hiyo. Ukiivunja, vile vitu vinatoka ndani yake na kuingia kwenye maji."

"Basi ni kweli?"

"Sijasema hivyo. Maabara unaweza kuweka seli za ngozi kwenye kisahani, ukaziwekea maji ya hamira, ukaona zinastahimili vizuri zaidi. Lakini kisahani hakina jua la Isiolo. Kisahani hakitoi jasho. Na ngozi ya mtu mzima ni ukuta, si mlango. Mimi nisingemwambia mtu ndiyo, wala nisingemwambia hapana."

Nilirudi na jibu hilo nikampa Mama kama nilivyopewa. Alisikiliza neno la kutu kwa makini, akalirudia mara mbili. "Kutu," akasema. "Hapo amesema kweli." Sehemu ya kisahani hakuijali.

Kuhusu Biliqo, mambo yaliisha bila kelele. Mzee aliahirisha, kisha akaahirisha tena, na wazazi wa yule msichana wakachoka wakamwoza kwa mtu wa Garba Tulla. Kama ni kwa sababu ya uso wa mkewe, au aibu mbele ya wale wazee wawili, au ukame uliofuata ambao ulimaliza ng'ombe wa kila mtu, Mzee hakuwahi kusema, na Mama hakuwahi kusadiki kwamba yameisha. Kwa miaka yote iliyobaki niliyokaa pale, Mzee akirudi safari alipita kwanza chumbani kunusa, na Mama alichukua koti lake akalikung'uta, akapekua mifuko, akalinusa kola. Walifanya hivyo mbele yangu bila haya. Halafu wakakaa kula pamoja kwenye sinia moja.

Niliondoka Isiolo katikati ya miaka ya themanini. Niliwatembelea mara moja tu baada ya hapo. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, amelazwa kwenye chumba cha mbele, na Mama alikuwa amezeeka, mzee kamili, uso wote umejaa mistari. Hatukuzungumzia uso. Alikuwa na kazi ya kumgeuza ubavu, akaniambia nishike miguu, nami nikashika. Mzee alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia.

"Nani huyo?" Mzee akauliza, macho yameelekea ukutani.

"Ni Mwalimu."

"Mwalimu. Huko ulikotoka, Merti, mvua imenyesha?"

Mama alinitupia jicho. Nilikuwa nimetoka Meru asubuhi ile, upande mwingine kabisa, na yeye alilijua hilo.

"Nimeona mawingu mengi, Mzee," nikasema.

"Ya wapi?" akauliza Mama taratibu, huku anamwekea mumewe mto mgongoni, akanikazia macho yaleyale aliyokuwa akipekulia mifuko ya koti, akingoja nijibu.